Kivuli Kilichoangukia Muyuni

Vespa ilipoacha lami na kuingia njia ya mawe, darubini ilinigonga kidevuni. Nilikuwa nimeipakata tangu mjini, imezongwa kanga mbili na taulo, na Shemsa alikuwa ameniamuru niishike kama mtoto mwenye homa. Yeye alikuwa mbele, ameukalia upindo wa buibui lake usiingie gurudumuni, na kila alipokuwa na la kusema aligeuza kichwa chote nyuma.

"Tazama mbele!" nikapiga kelele.

"Natazama. Yule ng'ombe nshamuona."

Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya njia na hakuwa na nia ya kuondoka. Tukampita ubavuni, majani yakanichapa goti, na mbele yetu zikatokea nyumba za kwanza za Kizimkazi.

Sikuwahi kufika huko. Nimezaliwa Tanga, nimeishi Maskati na Marseille na Kochi, na kazi yangu ni kwenda mahali, kuandika, kisha kuondoka kabla sijayajua majina ya paka wa mtaani. Unguja nilikuja kuandika habari za nyumba kongwe za Mji Mkongwe zinazoanguka. Nilipanga chumba Kiponda kwa mama yake Shemsa, na kusini ya kisiwa nilikujua kwa jina tu. Sasa nilikuona: nchi ya matumbawe yaliyotobokatoboka, udongo umejificha ndani ya mashimo, mhogo umeota humo humo kwa ukaidi. Mashamba yamezungushiwa kuta fupi za mawe yaliyopangwa tu, jiwe juu ya jiwe, bila chokaa wala saruji.

Shemsa alizionesha kwa kidole, usukani ukabaki na mkono mmoja.

"Unaziona kuta hizi? Jiwe langu ndivyo lilivyo. Watu wanadhani asteroidi ni jabali moja gumu kama risasi. Wapi! Ni rundo. Mawe makubwa, mawe madogo, kokoto, vumbi, na katikati matundu matupu. Hakuna chokaa. Kinachoyashika ni uzito wao wenyewe, basi."

"Shika usukani, Shemsa."

"Nimeshika."

Ilikuwa Alhamisi. Jioni ile, mara baada ya sala ya isha, jiwe hilo lilikuwa lipite mbele ya nyota moja. Nyota ingezimika kwa muda wa pumzi moja kisha iwake tena, na kivuli cha jiwe kingekatiza kusini ya Unguja kwa kasi ambayo hakuna ndege inayoifikia. Wataalamu walioko mbali walishaipiga hesabu njia ya kivuli hicho: kingepita Kizimkazi. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya kivuli cha pili.

Kwani Shemsa alikuwa amesema, na kuandika, na kuwapelekea watu wa nje, kwamba jiwe lile haliko peke yake. Lina mwenzake mdogo anayelizunguka. Na Jumamosi alikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda Ulaya, kusoma miaka mitatu katika chuo kilichomwita kwa sababu ya huyo mwenzake.

"Kama hakuna wa pili," aliniambia asubuhi ile tukiifunga darubini, "sipandi ndege. Siwezi kwenda kukaa kwa watu kwa jiwe la uongo."

Shemsa anasomesha fizikia katika skuli moja ya sekondari mjini. Ana miaka thelathini na kitu, mwembamba, na sijawahi kumuona amekaa kitako akamaliza kikombe cha chai. Huinywa akitembea. Kikombe kimoja utakikuta ngazini, cha pili dirishani, cha tatu juu ya paa penye darubini, vyote nusu. Mama yake, Bi Mashavu, huzunguka nyumba akivikusanya na kunung'unika. "Huyu nilimzaa njiani," aliniambia siku ya kwanza, na hakuwa anatania. Shemsa alizaliwa ndani ya gari la jirani, baina ya Kiponda na hospitali. "Tangu siku hiyo hajafika."

Darubini aliijulia chuoni Tunguu. Kulikuwa na moja kubwa, imelala stoo, kioo chake kimeota ukungu, na Kheir, fundi wa maabara pale, alikuwa akiitamani kwa miaka bila kupata wa kusaidiana naye. Waliifufua wawili. Baadaye Shemsa akajinunulia yake, ile niliyoipakata, akaiweka juu ya paa la nyumba yao Kiponda. Mtaani wakaanza kumwita mnajimu. Wanawake walipanda ngazi na kuhema hadi juu. "Mwalimu, nitazamie na nyota yangu, mume kanichosha." Naye huwajibu bila kuondoa jicho kwenye kioo: "Nyota yako haina kasoro. Mtazame mume."

Jiwe lenyewe nililisikia kwanza huko juu ya paa, magharibi moja ya joto la kaskazi, Bi Mashavu akianua nguo. Shemsa alikuwa akitembea ukingo mpaka ukingo.

"Upana wake kilomita nane hivi. Toka Darajani mpaka uwanja wa ndege, na kupita kidogo. Linakaa baina ya Mirihi na Mushtarii pamoja na maelfu ya wenziwe. Ni la mawe, madini yale yale ya miamba ya kawaida, na chuma kidogo ndani yake. Ukisimama juu yake utaona kijivu chenye wekundu, kama kifuu kilichosahauliwa juani. Halina mng'aro. Mwanga wa jua unaolipiga, linarudisha fungu moja katika matano, yaliyobaki linayala."

"Na linafanya nini?"

"Linajizungusha. Kila baada ya saa mbili na nusu na kidogo, limeshamaliza mzunguko. Jiwe la kilomita nane! Likizidisha hapo kidogo tu, mawe ya kiunoni yanaanza kuruka, maana nshakwambia, hakuna chokaa."

"Nani anayelizungusha?"

"Jua." Alisimama kidogo kulisema hilo. "Jua linalipasha moto, nalo linautoa ule moto, na moto ukitoka unasukuma. Kwa vile umbo lake limekwenda upande, na msukumo unakwenda upande. Hausukumi kwa kofi, unasukuma kwa ncha ya kidole. Lakini hauchoki. Miaka elfu, na elfu nyingine, na elfu nyingine. Mwisho jiwe linazunguka mpaka linajitupa lenyewe. Kokoto zinatoka kiunoni, zinaelea, zinakusanyana, zinakuwa jiwe la pili. Dogo. Toka Malindi mpaka Kilimani, halizidi hapo. Linamzunguka mkubwa wake na halimpi mgongo hata siku moja, uso ni ule ule, kama mtoto mwenye adabu anavyotoka barazani kwa wakubwa."

Nyumba ya pili kutoka kwetu ilianguka masika yaliyopita, na kutoka pale juu tulikuwa tunakiona kifusi chake, mawe na boriti na vumbi jeupe. Nilikuwa nimekiandikia kurasa kadhaa. Sikuwahi kufikiri kwamba kifusi kinaweza kuzunguka.

"Na huyo mdogo ana faida gani?" nikamuuliza.

"Uzito! Jiwe la peke yake utalijua ukubwa, utalijua rangi, uzito hujui. Huna pa kulishika. Likiwa na mwenzake, ukajua wako mbali kiasi gani na anamzunguka kwa muda gani, basi umelitia mizanini."

Bi Mashavu akadakia kutoka kwenye kamba ya nguo. "Umeyasikia maneno yako mwenyewe? Wa peke yake uzito wake haujulikani. Hata jiwe limepata mwenzake, weye bado."

"Mama, mwenzake katoka ubavuni mwake mwenyewe. Nikitoa mie mtu ubavuni utafurahi?"

"Ntamlea."

Namna alivyomgundua huyo mwenza ni rahisi kueleza. Kila usiku usio na mwezi Shemsa alilipiga jiwe picha, akaupima mwanga wake kwa kuulinganisha na nyota za jirani. Mwanga ulipanda na kushuka kwa sababu jiwe linazunguka. Lakini juu ya hayo kulikuwa na kufifia kwingine, kidogo, kunakorudi kila siku na kuchelewa kwa kiasi kisichofika saa moja. Huyo ndiye mwenzake, akasema, anapita mbele. Akaipiga hesabu njia yake, akaipeleka, nao wakamjibu njoo.

Kisha, mwezi mmoja kabla ya safari yetu ya Kizimkazi, aliziona taa.

Si kwamba hakuzijua. Kila mtu Unguja anazijua. Wavuvi wa dagaa hutoka nyakati za giza, mwezi usipokuwepo, huwasha taa kali juu ya maji, na dagaa huzikimbilia. Mwezi ukishakuwa mkubwa hukaa nyumbani, maana dagaa hawaifuati taa tena. Jioni ile tulikuwa juu ya paa, mimi nikasema tu kwamba bahari imekuwa kama mtaa wenye harusi. Shemsa aligeuka kutazama, kikombe kiko mdomoni, akabaki hivyo hivyo. Mbingu ya upande ule ilikuwa imeanza kupauka, na jiwe lake lilikuwa limeteremkia huko huko.

"Wanatoka na maji," akasema taratibu.

"Maji gani?"

"Maji kujaa. Yanachelewa kila siku. Kiasi kisichofika saa moja."

Alikiweka kikombe ukingoni mwa paa, kikaanguka uani, hakusikia. "Wao wanataka giza, na mie nataka giza. Mwaka mzima tumekuwa kazini pamoja. Anga ikiangazwa upande mmoja, vipimo vyangu vinapotoka, jiwe linaonekana limefifia." Akacheka, kicheko kibaya. "Inawezekana nimepima dagaa."

Kule nje hakuna aliyekuwa na habari. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyejua kwamba kuna samaki wanaovuliwa kwa taa, wala kwamba wavuvi wana kalenda yao. Angenyamaza, asingegunduliwa. Badala yake aliacha kula. Alishuka na kupanda ngazi mpaka wapangaji wa chini wakalalamika. Alizipindua picha zake zote, akajaribu kuzitenga taa na jiwe, na hazikutengeka.

Iliyobaki ilikuwa nyota ya Alhamisi. Taa ya dagaa haiwezi kuzima nyota. Nyota ama ipo ama haipo. Kwa hesabu zake, kama mwenzake yupo, kivuli chake kingeangukia Tunguu, na Kheir angekuwa juu ya paa la chuo na ile darubini kubwa, akingoja.

Kizimkazi tulipokewa na Bi Tahiya, mama yake mdogo Shemsa, mwanamke mpana aliyekuwa uani akikuna nazi. Hakuinuka.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Mmeleta mzinga?"

"Darubini."

"Haya. Na huyu?"

"Huyu ndiye mshika mzinga."

Bi Tahiya alinitazama juu mpaka chini, akaridhika, akanisogezea kigoda. Shemsa akaanza kazi. Aliiweka darubini karibu na kisima, akaiondoa. Akaiweka nyuma ya jiko, akaiondoa. Akaipeleka ukutani, akaizunguka, akarudi kisimani.

"Mwanangu," Bi Tahiya akasema, "unatafuta pa kutagia?"

"Natafuta pasipo na mnazi mbele."

"Hapa pana mnazi kila upande. Taga tu."

Jua likazama. Nyota tuliyoitaka ikatokea, nayo haikuwa kali wala hafifu, jicho la mtu liliweza kuiona bila chombo. Baharini taa za dagaa ziliwaka moja moja, kwa kuwa ilikuwa giza, na Shemsa akazipa mgongo kama mtu anayempita mdai wake. Ndipo Kheir akapiga simu. Shemsa akaifungua sauti tuisikie.

"Mwalimu, hali mbaya. Wingu."

"Wingu gani?"

"Wingu! Limenikalia juu kama godoro. Sioni hata taa ya mnara."

"Litapita."

"Halina dalili. Limeshusha nanga."

Shemsa alizunguka uwanja mara mbili, simu bado iko hewani, Kheir akiita halo halo. Halafu akasimama mbele yangu.

"Nnakwenda."

"Wapi?"

"Kaskazini. Wingu lina mwisho. Popote litakapoishia karibu na Tunguu, ntasimama hapo." Alikuwa ameshaivuta darubini ya pili, ndogo, iliyoachwa zamani na mgeni mmoja, ambayo tuliifunga nyuma ya vespa kwa tahadhari tu. "Wewe kaa. Kamera ya darubini inapiga yenyewe. Nyota ikizima usishangilie, usiguse kitu, usiegemee chochote."

"Isha inakaribia, mwana wee," Bi Tahiya akamkemea. "Barabara ya giza."

"Mama mdogo, giza ndiyo kazi yangu."

Vespa ikanguruma, ikatoka, tukausikia mlio wake kwa muda mrefu kati ya kuta za mawe. Nikabaki kwenye kigoda, mikono nimeifumbata magotini ili isiguse kitu. Nimengoja meli, nimengoja viza, nimengoja vita viishe upande wa pili wa mpaka. Lakini kungoja jiwe sikuwahi, na niligundua kwamba miguu yangu inacheza yenyewe.

Adhana ikaadhiniwa, watu wakasali, Bi Tahiya akasali ndani akatoka na tasbihi. Akaketi karibu nami, kichwa kaangalia juu.

"Ile?"

"Ile."

"Mbona imetulia tu?"

"Saa bado."

Akavuta uradi wake. Vidole vilikuwa vikipita juu ya punje, taratibu, mara vikasimama.

Nyota haikuwepo. Pale ilipokuwa palikuwa na giza safi, kama jino lililong'oka. Kisha ikarudi, yote kwa mara moja, kana kwamba haikuondoka.

"Subhanallah," Bi Tahiya akanong'ona. "Imefumba jicho."

Kivuli cha mkubwa kimetupita. Kilomita nane za kifusi, na mimi na mwanamke huyu wa Kizimkazi tulikuwa chini yake. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka nimekatazwa.

Tulingoja. Simu ya Shemsa haikupatikana. Bi Tahiya alileta mikate na mchuzi wa pweza, tukala tukisikiliza upande wa barabara. Wali wa akiba akaufunika sahani. Hatimaye mlio wa vespa ukaja, ukaingia mpaka uani, ukazimwa.

Shemsa hakushuka. Alikaa pale pale juu ya kiti, kofia ngumu bado kichwani.

"Sikufika Tunguu," akasema. "Sikufika hata Kitogani. Nilipofika Muyuni watu wanatoka msikitini, wamejaa barabara nzima, huyu anamsalimu yule, yule anamuuliza huyu habari za mgonjwa. Honi naipiga, wananipisha kwa adabu, polepole, na wengine wanataka kunijua mtoto wa nani. Nikatazama saa, nikaona nshachelewa. Nikasimama penye duka. Nikaiweka darubini juu ya friji ya soda, simu nikaibana kwenye kioo chake. Wakaja wote."

Akatunyooshea simu. Katika kioo kulikuwa na nukta nyeupe iliyokuwa ikitetemeka kidogo kwa mngurumo wa friji. Sauti zilikuwa nyingi kuliko picha.

"Anauza nini huyu?" mwanamme mmoja akauliza.

"Nauza nyota, bure," sauti ya Shemsa ikajibu. "Jamani msiiegemee friji."

"Ndiyo ile pale juu? Mbona naiona bila hiyo bomba?"

"Itazame basi, usifumbe macho."

"Mie nakwenda nyumbani, nshachoka na..."

Nukta ikatoweka. Muda mfupi mno, nusu ya ule wetu au chini yake. Ikarudi.

"Imezima!" sauti ya mwanamke ikapasua. "Wallahi imezima!"

"Umeme umekatika mpaka juu!"

"Si imerudi? Mbona imerudi?"

Bi Tahiya alipiga kigelegele kifupi, akakikata alipouona uso wa mtoto wa dada yake.

"Si ndicho ulichokitaka?" nikamuuliza Shemsa.

"Kheir kanipigia njiani. Wingu lilimfungukia dakika ya mwisho. Akaiona nyota tokea mwanzo mpaka mwisho." Akavua kofia. "Haikuzima. Anasema ilisimama kama msumari."

Nilihitaji kitambo kuelewa. Yeye hakunisubiri.

"Kwa vipimo vyangu, kivuli kilikuwa kiangukie Tunguu. Tunguu hakikuanguka. Kimeangukia Muyuni, mahali ambapo mie nimesimama kwa sababu ya foleni ya msikiti. Mwenzake yupo, lakini hayupo nilipomuweka mimi. Hakuwahi kuwepo hapo. Nilichokuwa nikikipima mwaka mzima ni taa za dagaa." Alitazama baharini, ambako zilikuwa zinawaka vile vile. "Nimesema kweli kwa ushahidi wa uongo."

Kisha akafanya kitu nisichokijua kwake. Alishuka, akaketi mkekani, akakaa.

Bi Tahiya alimtilia wali. "Hebu nifahamishe. Jiwe lina mwenzake au halina?"

"Linaye."

"Ameonekana na watu?"

"Muyuni nzima."

"Basi ukiutazamia mwezi wa Ramadhani Unguja usiuone, ukaonekana Pemba, hufungi?"

Shemsa alicheka, safari hii kicheko kizuri, na punje za wali zikamtoka mdomoni. Lakini hakukaa nacho. "Nafunga, mama mdogo. Ila sijui anazunguka kwa muda gani. Kwa hiyo uzito sina tena. Nilikuwa nao, sasa sina."

Siku ya Ijumaa aliwaandikia watu wa chuo kile. Alinisomea kwa sauti akitembea paani, sentensi moja kila ukingo. Aliwaambia kivuli cha pili kimeonekana, akawapelekea ile picha na kelele zake zote. Kisha akawaeleza dagaa. Aliwaeleza giza, taa, kujaa kwa maji, kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza. Akamalizia kwamba vipimo vyake vya kufifia wasivitumie kwa lolote, na kama walimwita kwa ajili ya vipimo hivyo, wamwambie.

Nilimuuliza kama ana uhakika wa kuipeleka kabla ya safari.

"Ningeipeleka baada ya kufika? Nishaonja chai yao?"

Ijumaa ikapita bila jibu. Bi Mashavu alipika kama mtu anayemuaga mtu na kama mtu anayemkaribisha, vyote pamoja, maana hakujua kipi. Kila simu ilipolia alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Asubuhi ya Jumamosi bado jibu halijaja. Mabegi mawili yalikuwa chini kwenye baraza, na hamali na gari lake la mkono amesimama, kwa sababu kichochoro chetu hakiingii gari.

"Unakwenda au hwendi?" Bi Mashavu akauliza. "Hamali si mnara huyu, atasimama mpaka lini?"

"Nilisema kama hakuna wa pili sipandi," Shemsa akasema. "Wa pili yuko. Uzito wake hapa siwezi kuupata, paa hili limezungukwa na taa. Wao wana milima mikavu, hakuna dagaa. Wakinikataa, wanikatae nimesimama mbele yao."

"Na wakikukataa utarudi?"

"Ntarudi, Mama."

"Na wakikukubali?"

Shemsa akambusu mkono, akambusu paji la uso. Bi Mashavu alimfukiza ubani, akamsomea dua, akampulizia usoni, halafu akamtengeneza mtandio ambao haukuwa umeharibika.

Mimi nilipewa ufunguo wa kibanda cha paani na waya wa kamera. "Wakati wa mwezi mpevu wavuvi hawatoki," Shemsa akaniambia upesi upesi. "Mwanga wa mwezi utakusumbua, lakini taa hazitakuwepo. Lipige picha siku hizo. Kama kufifia hakupo, tumeshajua. Kama kupo..." Hakumaliza. "Wewe piga tu. Utakuwepo?"

Nilikuwa na nafasi ya boti ya Jumatatu, na mhariri mmoja aliyekuwa akinisubiri Nairobi. Mwezi mpevu ulikuwa mbali.

"Nitakuwepo," nikasema.

"Usiuegemee ukingo. Umelegea."

Hamali akasukuma. Magurudumu ya chuma yakaanza kugonga mawe ya kichochoro, na Shemsa akamfuata, kisha akampita, kisha akarudi nyuma akashika begi moja lililokuwa likielekea kuanguka ingawa halikuwa likielekea kuanguka. Kikombe chake alikuwa amekiacha kwenye baraza, nusu. Bi Mashavu alikichukua, akakiangalia, akainywa chai iliyobaki yeye mwenyewe, akiwa amesimama.

Wakapinda kona penye duka la mikufu. Hatukumuona tena, ila sauti yake tulizidi kuisikia, ikibishana na hamali juu ya njia ya mkato kwenda barabara kuu, naye hamali akimjibu kwamba amezaliwa mtaa huu, mwalimu, amezaliwa mtaa huu.